Kofia ya Balbu

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Jina lilichukuliwa kwenda kukarabatiwa kwa ajili ya sherehe za uhuru, na bado hatujarudishiwa. Tunaendelea vizuri tu. Nasema haya mapema ili mgeni asipoteze muda kuitafuta kwenye ramani. Ukiwa ndani ya ndege utaiona mwenyewe, maana ndiyo nchi inayowaka yote, mpaka vyooni.

Mimi ni fundi wa mapazia, naitwa Akida. Nakaa na mama yangu, Bi Hidaya, katika nyumba ya kupanga. Yeye analala chumba cha ndani kisicho na dirisha, mimi nalala cha mbele pamoja na cherehani. Chumba cha pili yake anakaa Mama Kulwa, mpika vitumbua, na mapacha wake Kulwa na Doto. Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati. Jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kutoka kitandani.

Mambo yote yalianza kwa wema, kama mambo yote ya serikali yetu. Waziri wa Nishati na Mwonekano alikuja uwanjani kwetu na gari lililojaa balbu za LED, akapanda jukwaani, akainua moja juu kama mtoto aliyezaliwa jana.

"Ndugu wananchi," alisema, "balbu zenu za zamani ni walafi. Zinakula umeme na kutoa joto. Nani alizituma zitoe joto? Hii hapa haili. Inaonja tu, kama bwana harusi mbele ya wakwe."

Tukacheka, tukapiga makofi. Kisha Waziri akavaa miwani, na tulipoona miwani tukajua sasa inakuja hesabu.

"Wataalamu wamenithibitishia kwamba kila saa balbu hii inapowaka, taifa linaokoa umeme. Ikiwaka saa mbili, linaokoa maradufu. Sasa nawauliza ninyi wenyewe: ikizimwa, taifa linaokoa nini?"

"Hakunaaa!" tulijibu.

"Na anayeizima, anaiba nini?"

"Akibaaa!"

Hesabu ilikuwa safi. Mimi napima madirisha ya watu kila siku na sikuona kasoro yoyote. Mhandisi mmoja kijana ndiye aliyenyoosha mkono akasema balbu iliyozimwa haitumii umeme hata kidogo, hivyo ndiyo inayookoa kuliko zote. Waziri alimpongeza kwa ujasiri wake, na wiki hiyohiyo kijana akahamishiwa Idara ya Samaki. Nchi yetu haina bahari, ziwa wala mto wa maana, lakini idara tunayo, na watumishi wake wanatufundisha uvumilivu.

* * *

Balbu ya serikali haiwekwi na mwenye nyumba. Inawekwa na Mjumbe wa Mwanga wa mtaa, na kwetu alikuwa Bwana Kihenge, mtu mrefu ambaye hakuhitaji kiti. Familia inasimama wima, balbu ya zamani inakabidhiwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, mpya inakazwa, halafu wote mnasema "Tumeona."

Tulisema "Tumeona," na kweli tuliona. Nisiwe mchoyo wa fadhila, balbu zile zilikuwa nzuri. Mwanga wake mweupe, haupepesi, na bili ilishuka mpaka mama akadhani wamekosea. Alikuwa anachagua mchele saa moja jioni na kuona kila kijiwe. "Mwanangu," aliniambia, "kwa hili wamefanya kitu." Na mimi nilifurahi, sioni haya kusema. Hata kushona nilishona vizuri zaidi.

Kisha Bwana Kihenge akarudi na bisibisi na ndoo ya lipu. Alikuwa anakusanya swichi.

"Za nini sasa?" alieleza huku anang'oa yetu. "Swichi ina kazi mbili, kuwasha na kuzima. Kuwasha tumeshawasha. Mnataka kubaki na kifaa ambacho kazi yake iliyobaki ni wizi?"

Akaziba tundu, akalisawazisha vizuri kwa kiganja, akatuomba tusiguse mpaka likauke. Mama alimkaribisha chai. Ndivyo tulivyo.

* * *

Watu wa kwanza kuchanganyikiwa walikuwa majogoo. Wa mtaa wetu aliwika siku nzima na usiku kucha, akakauka sauti, mwisho akawa anafungua mdomo tu kama mbunge wa viti vya nyuma. Watu wa pili tulikuwa sisi. Tulijifunza kulala tumefunika uso kwa khanga, kwa ndoo, kwa mto. Shuleni watoto walisinzia kwenye madawati, na walimu hawakuwaamsha kwa sababu nao walikuwa wamesinzia.

Lakini mimi nataka kumsema mama yangu.

Mama ana kipanda uso tangu usichana wake. Kikimshika, nusu ya kichwa inakuwa kama inapigwa nyundo, anatapika, na macho hayavumilii hata mwanga wa kibatari. Dawa yake siku zote ilikuwa moja: alale gizani, kimya, mpaka kipite. Zamani kilimshika mara mojamoja. Tangu swichi zing'olewe kikawa hakitoki. Nilimkuta ameingiza kichwa kwenye kapu la nguo chafu, anatetemeka, mwanamke mzima aliyenilea peke yake bila kumpigia mtu magoti. Nilitoka nje nikalia. Halafu nikarudi nikajifanya natafuta uzi.

Hospitali tulipokelewa vizuri. Daktari, ambaye naye macho yalikuwa mekundu, alimpima mama kwa upole.

"Anahitaji giza," alisema.

"Basi mwandikie, daktari."

"Nimwandikie nini? Giza halimo kwenye dawa zinazoruhusiwa. Nina panadol." Akatazama balbu ya ofisini kwake, akashusha sauti. "Mwenzio mimi nalala ndani ya kabati."

Tukabaki na rafiki mmoja tu, naye ni kukatika kwa umeme. Umeme ulipokatika, mtaa mzima ulilala kama umepigwa rungu. Mtu alilala na kijiko mdomoni. Mama aliwahi kulala tangu adhuhuri hadi magharibi, akaamka uso umelegea, akaomba uji, na mimi nikaliombea dua shirika la umeme lizidi kuharibikiwa.

Habari zikamfikia Waziri kwamba wananchi wanafurahia umeme unapokatika. Aliumia sana. Akatuletea balbu za awamu ya pili, ambazo zina betri ndani yake. Umeme ukikatika zinaendelea kuwaka zenyewe, tena zinatoa mlio mdogo wa pongezi.

* * *

Hapo ndipo fani yangu ikaingia matatizoni. Pazia zito likapigwa marufuku, kwa kuwa Mjumbe akipita barabarani lazima aone mwanga dirishani na kuuhesabu. Niliruhusiwa kushona vyandarua na mapazia ya wavu. Mteja anakuja, anataka pazia, namuuzia matundu.

Nilikuwa nimebakiwa na kipande cha kitambaa cheusi kizito, kile cha kuweka nyuma ya pazia ili jua lisipenye. Siku moja mama akiwa anaugulia, nilikikata duara, nikakunja ukingo, nikapitisha mpira wa soksi. Nikapanda kwenye kiti, nikaivalisha balbu.

Ilikaa kama kofia. Balbu za LED hazina joto la kuunguza kitambaa, kwa hilo Waziri alisema kweli. Chumba kikawa cheusi, ukiacha mwanga hafifu wa vyumba vingine uliobaki juu kwenye bati. Kwa kuwa hakina dirisha, barabarani hakuna aliyejua kitu.

"Akida," mama aliita kutoka kwenye weusi ule.

"Naam, mama."

"Usiseme neno. Acha hivyohivyo."

Nilisikia pumzi yake inatulia, nikakaa chini nimeegemea mlango, nikaona mimi ndiye fundi bora katika nchi nzima.

Haikuchukua muda, Mama Kulwa akanifuata kwenye cherehani. Kuta zetu nimeshazieleza. Aliona upande wetu wa bati umeingia giza.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi sijaona kitu. Ila watoto wangu macho yanatoa machozi, na mimi juzi nimejimwagia mafuta ya vitumbua mguuni kwa usingizi. Kama kuna kitambaa kimebaki."

Kilikuwa kimebaki, na dirisha lake linatazama uani, si barabarani. Nilimshonea kofia nzuri kuliko ya kwetu, na ukingoni nikapitisha mshono wangu wa mara mbili, ule ambao wateja wangu wote wanaujua, kwa sababu kazi ni kazi. Hakukubali kuichukua bure, akawa ananiletea vitumbua kila asubuhi, vya mama yangu akivilainisha kwanza kwa kuvichovya kwenye chai. Watoto wakalala. Mama akalala. Kwa muda mfupi nyumba yetu ilikuwa na siri mbili nyeusi na amani.

* * *

Ningeridhika na hapo. Lakini mimi ni raia mwema na raia mwema hapendi kuishi kwa kujificha. Nikasikia redioni kwamba serikali imefungua Idara ya Giza, kwa ajili ya wananchi wenye mahitaji maalumu. Nikavaa shati la Ijumaa, nikaenda.

Jengo lenyewe lilikuwa linawaka kuliko yote. Mkurugenzi wa Giza ni mama mstaarabu, Bi Stamili, amejitanda mtandio wa hariri na amevaa miwani myeusi ya jua. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya mama kabla sijamwambia kwamba nina mama.

"Pole sana kwa kipanda uso," alisema. "Unaomba giza la aina gani? Tuna la mapumziko, hilo ni la waheshimiwa. Tuna la ibada, limesimamishwa. Na tuna la tiba."

"La tiba, mheshimiwa."

"Vizuri. La tiba linatolewa kwa aliyechangia mwanga. Huwezi kuchukua usichochangia, sivyo?"

"Nitachangiaje, mheshimiwa? Mimi nina balbu mbili tu, na zote zinawaka."

Alitabasamu. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kofia ya balbu. Haikuwa ya kwetu wala ya Mama Kulwa. Mtu alikuwa ameiga, kitambaa hafifu, mshono wa kuparaza. Nilikasirika kuiona. Unaweza kuamini? Kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira ya fundi.

"Tunazipata huku na huku," alisema Bi Stamili. "Hii ni mbaya, lakini tunasikia mtaani kwenu zipo zilizoshonwa vizuri mno. Sasa, fundi, sisi hatuulizi nani anashona. Mshonaji ni mtu wa kutafuta riziki. Tunauliza nani anavalisha."

Jasho lilinitoka, ingawa balbu zile hazitoi joto.

"Tukiingia wenyewe na Bwana Kihenge," aliendelea kwa sauti ileile ya upole, "tutapita chumba kwa chumba. Tutaanza na vile visivyo na madirisha. Mgonjwa akikutwa humo itabidi ahamishiwe wodi yetu ya mwanga. Mimi binafsi nisingependa. Wewe je?"

Niliogopa. Sitafuti maneno mengine. Nilimwona mama kwenye wodi ile, hana hata kapu la kuingizia kichwa. Nikataja jina. Nilisema ni chumba cha pili, mwenye mapacha. Bi Stamili alinishukuru, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nisijali, nimeshachangia, nimeokoa.

* * *

Mama Kulwa alikuja kuchukuliwa asubuhi, kikaango kikiwa bado motoni. Nchi yetu haikamati watu, naomba hilo lieleweke. Alialikwa kwenye Semina ya Mwanga. Inafanyika mbali, chakula kinatolewa, na inaisha mshiriki anapoelewa.

Bwana Kihenge alikuwa ameshika ile kofia nzuri kwa ncha za vidole. Kulwa na Doto walisimama mlangoni wameshikana mikono, macho yamekunjamana kwa mwanga.

"Nani amekushonea hii?" Bwana Kihenge aliuliza mbele za watu.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nimekanyaga pedali bila kitambaa.

"Nimeokota," alisema Mama Kulwa.

"Umeokota wapi kitu kimeshonwa hivi?"

"Njiani. Mimi napita njia nyingi, nauza vitumbua."

Walipomruhusu kuaga, alikuja moja kwa moja kwangu. Aliinama kama anayenipa mkono.

"Fundi, sijakutaja, usiwe na wasiwasi," alisema kwa sauti ya chini. "Bibi aendelee kulala. Ila watoto wangu, nakuomba. Wape hata uji."

"Usijali, Mama Kulwa," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo.

Akaenda. Vitumbua vilivyokuwa kwenye kikaango viliungua, na Bwana Kihenge, mtu makini, akarudi kuzima moto. Moto tunaruhusiwa kuzima.

* * *

Giza letu lililetwa mchana, kwa heshima zote. Bwana Kihenge alipanda kwenye kiti, ingawa hakukihitaji, akafungua balbu ya chumba cha mama, akafungua na ya kwangu, akabandika mlangoni karatasi ya dhahabu iliyoandikwa MNUFAIKA. Dirisha langu likapigwa mbao. Majirani wakasimama uani, tukasema "Hatuoni" badala ya "Tumeona," kwa kuwa ndiyo kanuni ya giza.

"Na nikitaka kushona?" nilimuuliza.

"Kushona?"

"Cherehani yangu imo humu. Nikiwasha hata mshumaa kidogo..."

Bwana Kihenge alinitazama kwa masikitiko. "Fundi, taifa limekupa giza, wewe unataka kulitoboa? Giza la serikali haliwashwi. Ukiliwasha, umeiba."

Nikasema ahsante. Alipoondoka nilipapasa ukuta mpaka kwa mama.

"Mama, lala sasa. Hili ni halali. Hakuna wa kuja kutusumbua."

Nilimsikia anajigeuza kitandani. Nikadhani amelala, moyo wangu ukaanza kupoa. Kisha akauliza:

"Mama Kulwa mbona simsikii?"

"Yupo semina."

"Semina ya nini?"

"Ya mwanga."

"Na sisi wametupa giza." Hakuuliza. Alisema tu, taratibu, kama anapanga vyombo. "Kofia yake walijuaje, Akida? Yule dirisha lake ni la uani, na hana mgeni."

Katika giza lile la tiba, la halali, lenye karatasi ya dhahabu, sikuona uso wake, na nilimshukuru Mungu kwamba naye hauoni wangu.

"Mwanangu," alisema, "nipe mkono niamke."

"Unakwenda wapi? Kichwa kitakuua huko nje!"

"Nipe mkono."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa moto. Alikunja mkeka wake mwenyewe, akajifunga khanga kichwani, akapapasa mpaka mlangoni. Mwanga wa uani ulipompiga aliguna na kushika ukuta, akatapika kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. Nilitaka kumshika. Akaniondoa mkono bila ukali wowote, akaingia chumba cha pili, kwenye balbu ya Mama Kulwa inayowaka bila kofia, nikamsikia anasema, "Haya wajukuu zangu, sogeeni, bibi kaja kulala na nyinyi."

Tangu hapo nina giza langu peke yangu, vyumba viwili. Cherehani nimeifunika. Redio ilikuja kunihoji, nikasema nashukuru sana, nalala vizuri, naiomba serikali iwafikirie na wengine. Mama anakula uji ninaompelekea, ananiitikia salamu, na hajaniambia neno lolote baya. Ningefurahi angeniambia.

Kuta zetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo mwanga wa huko unapita juu ya ukuta na kuja kugota kwenye bati la kwangu. Nalala chali nautazama. Mara kwa mara kinapita kivuli kikubwa chenye vidole vitano, kinasimama, kinatetemeka, hakiondoki. Ni mkono wa mama yangu. Ameuinua chini ya balbu ili watoto wa Mama Kulwa wapate kufumba macho.